London, Hobart au Guyana? Ulinganisho kwa anayetaka kuandika kuhusu wafungwa waliopelekwa ng'ambo

Anayeandika kuhusu makoloni ya wafungwa, awe mwanafunzi wa shahada, mwalimu au mtunzi wa riwaya, kwa kawaida huchagua mahali kwa umaarufu wake. Amesikia Port Arthur ya Tasmania, amesikia Kisiwa cha Shetani cha Guyana ya Ufaransa, basi anaanza hapo. Baada ya miezi miwili ana majina mia tatu na hajui hata mmoja wao aliiba nini. Kosa lake ni kutojiuliza swali kabla ya kuchagua koloni. Ziko kumbukumbu zinazolijua kosa hadi idadi ya soksi zilizoibwa, lakini mtu akishapanda meli hazimjui tena. Ziko nyingine zinazojua urefu wa mtu bila viatu na michoro iliyo mkononi mwake, na kosa lake zimelimaliza kwa neno moja: "wizi".

Tunalinganisha sehemu sita ambako mahakama zilipeleka watu kama adhabu. Tunasema "kama adhabu" makusudi. Msomaji wa huku kwetu akisikia kupelekwa visiwani, wa kwanza kumjia akilini ni Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda, waliopelekwa Shelisheli mwaka 1899. Hao hawamo. Waliondolewa kwa uamuzi wa serikali kwa sababu za vita na utawala, bila mahakama kutaja kifungu na miaka. Humu tunazungumzia mtu aliyeshtakiwa kwa kosa lenye jina, akahukumiwa miaka 7, 14 au maisha, akavushwa bahari kwenda kuitumikia.

| Mahali | Miaka | Idadi ya takriban | Makosa yaliyotawala | Karatasi zinasemaje kuhusu kosa |
|---|---|---|---|---|
| Maryland na Virginia (Amerika) | 1718–1775 | 50,000 | wizi mdogo na mkubwa, kupokea mali ya wizi | kesi ya Uingereza tu |
| New South Wales (Australia) | 1788–1840 | 80,000 | wizi wa kila aina, noti bandia, mifugo, siasa | orodha za mwanzo ziko kimya |
| Van Diemen's Land (Tasmania) | 1803–1853 | 75,000 | kama hayo, na wanawake na watoto wengi | kauli ya mahakama na kauli ya mfungwa |
| Australia Magharibi | 1850–1868 | chini kidogo ya 10,000, wanaume tupu | mazito zaidi kadiri miaka ilivyokwenda | nzuri kiasi |
| Guyana ya Ufaransa | 1852–1938 | 70,000 | mauaji, unyang'anyi. Tangu 1885 pia wezi wa kurudiarudia | jalada la kila mtu |
| Visiwa vya Andaman | kuanzia 1858 | maelfu mengi | mauaji, ujambazi wa kikundi, kupigana na serikali | ya kiserikali zaidi kuliko ya mtu |

Usiliamini jina la kosa kabla ya kujua bei yake

Koloni lolote la Waingereza utakalochagua, jambo hili litakukuta. Pauni moja ilikuwa shilingi 20, shilingi moja peni 12. Kwa sheria ya karne ya 18, kuiba kitu cha thamani ya shilingi moja au zaidi ulikuwa wizi mkubwa, chini ya hapo wizi mdogo. Mgawanyo huo ulifutwa mwaka 1827. Juu yake kulikuwa na vizingiti vya kunyongwa: kuiba dukani kwa siri kitu cha shilingi 5, au kuiba ndani ya nyumba ya mtu vitu vya shilingi 40. Kuiba kondoo mmoja nako kulistahili kamba tangu 1741 hadi 1832, na farasi vilevile.

Sasa juri ya watu 12, raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, inamtazama msichana wa kazi aliyeiba mashuka. Mwenye mali anasema yana thamani ya shilingi 50. Wakimtia hatiani kama alivyoshtakiwa, ananyongwa. Basi wanarudi na jibu: ana hatia ya kuiba vitu vya thamani ya shilingi 39. Kila mtu mahakamani anajua wanachokifanya, jaji akiwemo, na msichana anapelekwa ng'ambo miaka saba. Ndiyo maana kwenye kumbukumbu utakuta shilingi 39 zinajirudia kuliko ambavyo bei za sokoni zingeweza kujirudia. Mtafiti mgeni akiona tarakimu hiyo huandika kwamba wezi wa London walipenda vitu vya bei hiyo. Tarakimu hiyo ni ya juri, haina uhusiano na mwizi.

Noti za benki zina hila ya namna yake. Mwaka 1797 Benki ya Uingereza iliacha kutoa dhahabu kwa noti, ikaanza kuchapa noti za pauni 1 na 2 ambazo hata fundi stadi wa kawaida aliweza kuzighushi. Kupitisha noti bandia kulikuwa kosa la kunyongwa. Kunyonga kila aliyekamatwa kukawa aibu, hivyo tangu 1801 kulikuwa na kosa jepesi zaidi: kuwa na noti bandia ukijua ni bandia, adhabu miaka 14 ng'ambo. Benki, ambayo ndiyo iliyokuwa ikishtaki, ilikubali wengi wakiri hilo dogo ili waachiwe lile kubwa. Kwa hiyo ukiona "miaka 14, kuwa na noti bandia" kati ya 1801 na miaka ya 1820, chukulia kwamba nyuma yake kulikuwa na makubaliano, na kwamba huenda mtu huyo alizipitisha pia.

Wapo ambao jina la kosa lao linaficha jambo zima. Vibarua sita wa Tolpuddle, Dorset, walioanzisha chama cha wafanyakazi, walihukumiwa mwaka 1834 miaka saba kwa "kiapo haramu". Chama cha wafanyakazi hakikuwa kosa wakati huo, ikabidi serikali itumie sheria ya 1797 iliyotungwa baada ya maasi ya mabaharia. Walisamehewa 1836. Katika orodha ya makosa wangeonekana kama watu wa mambo ya ushirikina. Vivyo hivyo "kuharibu mashine": ni vibarua wa mashambani waliovunja mashine za kupuria nafaka mwaka 1830, na takriban 480 wao wakavushwa bahari. Na "kuoa mara ya pili" kwa aliye na mke hai kulimpeleka mtu miaka saba tangu 1795. Kwa msomaji wa Kiswahili hilo linahitaji sentensi moja ya maelezo, la sivyo atadhani umekosea kutafsiri.

Maryland na Virginia: acha, labda kama swali lako ni la biashara

Sheria ya 1718 iliwapa majaji adhabu ya katikati, kati ya kuchapwa viboko na kunyongwa. Miaka saba kwa wizi, hata ule mdogo. Miaka 14 kwa anayepokea mali ya wizi au aliyesamehewa kunyongwa. Aliyerudi kabla ya muda alinyongwa. Mkandarasi Jonathan Forward alilipwa mwanzoni pauni 3 kwa kila mfungwa wa gereza la Newgate na pauni 5 kwa wa mikoani, kisha akifika Chesapeake, pwani ya Maryland na Virginia, aliwauza kwa wakulima wa tumbaku kwa muda uliobaki. Nahodha alirudi na cheti kuthibitisha kwamba amewafikisha, na karatasi zikaishia hapo. Kuanzia siku ya mauzo, mfungwa alikuwa kibarua wa mtu binafsi, na hakukuwa na ofisi iliyomfuatilia. Anayetaka kuandika juu ya makandarasi, bei na meli atapata kazi nzuri. Anayetaka mtu mmoja na kosa lake atakwama.

New South Wales: kesi nzuri, orodha mbovu

Nguvu ya koloni hili iko London, haiko Sydney. Kumbukumbu zilizochapishwa za mahakama ya Old Bailey zinaanzia 1674 hadi 1913, karibu kesi 198,000, na zote zinasomeka bure mtandaoni. Unaweza kutafuta kwa kosa, adhabu, umri na mwaka. Zinataja vitu vilivyoibwa kimoja kimoja na thamani yake, jina la aliyeibiwa, na mara nyingi maneno ya mashahidi.

Mtazame John Hudson. Desemba 1783 alisimama pale akiwa na umri wa miaka tisa, msafisha dohani. Mashtaka: kuvunja nyumba usiku na kuiba shati moja la kitani, soksi tano za hariri, bastola moja na aproni mbili. Kuvunja nyumba usiku kulikuwa kosa la kunyongwa. Juri ikamwondolea "kuvunja usiku" ikamwachia wizi: miaka saba. Ukitaka kuona hila ya kupunguza kosa bila hata kugusa bei, ndiyo hiyo. Mwaka 1784 alipakiwa kwenye meli Mercury iendayo Amerika. Wafungwa wakaiteka meli, wengi wakashuka pwani ya Devon, wakakamatwa tena. Hudson akafungwa kwenye meli kuukuu iliyotiwa nanga Plymouth, kisha mwaka 1787 akawekwa kwenye Friendship, moja ya meli 11 za msafara wa kwanza kwenda Australia. Alifika akiwa na miaka 13. Mtoto mmoja, mifumo miwili ya adhabu: ule wa Amerika uliokuwa umekufa bila London kukubali, na ule wa Sydney uliokuwa haujaanza.

Udhaifu ni huu. Madaftari ya usafirishaji ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza, yanayojulikana kwa namba HO 11, yana jina, meli, mahali na tarehe ya hukumu, na miaka. Kosa halimo. Orodha za wanaoshuka Sydney za miaka ya mwanzo nazo vilevile. Ni kuanzia miaka ya 1820 ya katikati ndipo zinaongeza umri, dini, kazi na kosa. Kwa hiyo mfungwa wa New South Wales aliyehukumiwa London ana kesi iliyoandikwa vizuri. Aliyehukumiwa Lancashire mwaka 1810 anabaki na mstari mmoja, hadi utafute magazeti ya huko na madaftari ya wahalifu ya HO 27, yanayoanzia 1805.

Wa Ireland, ambao ni takriban robo ya wote waliokwenda Australia, wana tatizo zaidi: moto wa Four Courts, jengo la mahakama na nyaraka mjini Dublin, mwaka 1922 uliteketeza sehemu kubwa ya kumbukumbu za mahakama. Kilichosalia kwa wingi ni madaftari ya usafirishaji ya kuanzia 1836 na maombi ya msamaha. Kwa kweli maombi hayo ni hazina: mama anaandika kwamba mwanawe aliiba ng'ombe kwa sababu ya njaa, padri anaongeza aya, na afisa anaandika pembeni "sheria ichukue mkondo wake".

Kwa wanaotafuta Mwafrika katika hadithi hii, New South Wales ndipo pa kuanzia. Mahakama za Rasi zilipeleka huko watu wengi wa Afrika Kusini, wakiwemo askari Wakhoi, wenyeji wa Rasi, waliohukumiwa na mahakama za kijeshi. David Stuurman, mkuu wa Wakhoi aliyetoroka Kisiwa cha Robben mara mbili, alifikishwa Sydney mwaka 1823 akafia huko 1830. John Caesar, mtu mweusi wa msafara wa kwanza, alihukumiwa Maidstone mwaka 1786 kwa kuiba shilingi 240. Alitorokea msituni mara kadhaa, na Februari 1796 akapigwa risasi.

Van Diemen's Land: chaguo letu kwa kazi ya kwanza

Kama una nafasi ya kuandika kuhusu mtu mmoja tu, mchukue aliyehukumiwa Old Bailey akashukia Hobart, bandari ya Tasmania. Sababu ni moja: kosa lake limeandikwa mara mbili, na mara ya pili yeye mwenyewe ndiye aliyesema.

Meli ilipotia nanga, karani alipanda na daftari. Kila mfungwa alipimwa urefu bila viatu, rangi ya nywele na macho ikaandikwa, makovu na michoro ya mwilini ikahesabiwa: nanga, msalaba, herufi mbili za jina la mtu aliyeachwa nyumbani. Kisha akaulizwa: ulifanya nini? Alikuwa hajui London walikuwa wametuma nini katika karatasi zao, na uongo ungeweza kumgharimu, hivyo wengi walisema zaidi ya walivyoshtakiwa. Kwenye daftari mstari unaanza na maneno yenye maana ya "alieleza kosa hili", kisha kinafuata kitu kilichoibwa, jina la mwenyewe, na mara nyingi makosa ya zamani ambayo mahakama haikuwahi kuyasikia: mara moja kwa kuiba mkate, miezi mitatu, mara moja kwa uzururaji, mwezi mmoja.

Ukurasa wa mwenendo una mpangilio ambao ukiuzoea, unausoma haraka:

Juu kabisa kuna namba ya polisi, jina, meli, tarehe ya kufika, mahali na tarehe ya hukumu, na miaka. Chini yake kosa kwa maneno ya serikali, taarifa ya gereza, taarifa ya meli ya wafungwa, ndoa na watoto, kauli yake mwenyewe, kisha taarifa ya daktari wa safari. Kuanzia hapo ni makosa ya kule kule koloni, moja baada ya jingine: tarehe, bwana aliyemshtaki, kosa, adhabu, na herufi za mwanzo za jina la hakimu. Makosa haya ya pili ndiyo yanayoshangaza. Mtu aliyepelekwa kwa kuiba kuku anachapwa viboko 25 kwa "kutokuwapo bila ruhusa" Jumapili usiku, anawekwa gizani peke yake siku tatu kwa kumjibu bwana wake jeuri, anapelekwa kundi la minyororo kwa kulewa. Nusu ya maisha yake ya uhalifu ilitengenezwa na kanuni ambazo huko alikotoka hazikuwapo.

Namba za kuomba au kutafuta ni CON 31 kwa wanaume wa kipindi walipogawiwa mabwana binafsi, CON 33 kwa wanaume wa kipindi cha magenge ya majaribio (walipofanya kwanza kazi za serikali kabla ya kuajiriwa) kuanzia 1840, CON 40 na CON 41 kwa wanawake. Picha za kurasa ziko bure kwenye faharasa ya majina ya maktaba za Tasmania. Mwaka 2007 kumbukumbu za wafungwa wa Australia ziliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia, na ukizigusa unaelewa sababu.

Yanayokwaza hapa ni matatu. La kwanza ni mwandiko: herufi ndogo zilizobanana, vifupisho, wino uliopenya upande wa pili. Tenga jioni nzima kwa ukurasa wako wa kwanza na usikate tamaa. La pili ni majina. Mary Brown na John Smith wapo kwa makumi, na wengi walikuwa na jina la pili la kujifichia. Usikubali jina mpaka meli, mahali pa hukumu na tarehe ya hukumu vyote vitatu vilingane. La tatu ni tarehe. Kitabu kimoja huandika siku ya kwanza ya kikao cha mahakama, kingine siku ya kesi yenyewe, na tofauti ya siku tano au sita haimaanishi watu wawili. Tofauti ya miezi mitano inamaanisha.

Tahadhari moja zaidi kuhusu hiyo kauli ya mfungwa: usiigeuze kuwa ukweli mtupu. Mtu ana sababu zake za kujiita mkulima badala ya msukaji, au kusema hana mke ili aweze kuomba ruhusa ya kuoa. Uzuri wa kauli hiyo unaonekana pale tu unapoiweka kando ya kesi na kutazama zinapoachana.

Australia Magharibi: kwa anayetaka makosa mazito na Wafeni

Huku walowezi wenyewe ndio walioomba wafungwa, kwa kukosa vibarua. Waliokuja miaka ya mwanzo walichaguliwa kwa tabia njema. Sheria ya 1853 ikabadilisha hukumu za chini ya miaka 14 kuwa kifungo cha kazi ngumu nyumbani, na chujio hilo likaacha makosa mazito kwa meli zilizofuata. Hata hivyo Joseph Bolitho Johns, mtoro aliyewachosha polisi wa huko kwa miaka, alikuwa ameletwa kwa miaka 10 kwa kuiba mikate mitatu, kipande cha nyama ya nguruwe, jibini na vikorokoro vingine. Meli ya mwisho, Hougoumont, ilifika Fremantle Januari 1868 ikiwa na Wafeni 62, yaani waasi wa Ireland waliopinga utawala wa Uingereza. Idadi ndogo ya koloni hili ni faida: mtu mmoja anaweza kuimaliza meli nzima kwa mwaka mmoja wa utafiti.

Guyana ya Ufaransa: maneno matatu usiyachanganye

Anayesoma Kifaransa ana nafasi ambayo wengi wa Afrika Mashariki hawana, na Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wanaosoma hapa waitazame vizuri. Wafaransa walikuwa na adhabu tatu, na kumbukumbu zao hazisamehe anayezichanganya.

Ya kwanza ni ya kazi ngumu, chini ya sheria ya 30 Mei 1854: muuaji, mnyang'anyi, mchomaji nyumba. Iliongezewa mkia mchungu. Aliyehukumiwa chini ya miaka minane, akimaliza, alilazimika kukaa kolonini muda mwingine sawa na huo. Aliyepata minane au zaidi alilazimika kukaa huko maisha yake yote. Kwa hiyo mtu mwenye miaka saba alikuwa na 14, na wa minane alikuwa na kifo cha ugenini.

Ya pili ni ya wakosaji sugu, sheria ya 27 Mei 1885. Hapa kosa la mwisho linaweza kuwa dogo kabisa. Mathalani hukumu nne ndani ya miaka kumi, kila moja ya zaidi ya miezi mitatu, kwa wizi au utapeli, zilitosha kumpeleka mtu kambi ya Saint-Jean-du-Maroni, Guyana, maisha. Ukiandika kwamba alipelekwa "kwa kuiba baiskeli" umemdanganya msomaji. Alipelekwa kwa hesabu, baiskeli ilikuwa namba ya nne tu.

Ya tatu ni ya kisiasa. Ndiyo ya Alfred Dreyfus, afisa wa jeshi aliyesingiziwa usaliti, kwenye Kisiwa cha Shetani, 1895 hadi 1899, na ya Wakomuna, waasi wa Paris, waliopelekwa Kaledonia Mpya, kisiwa cha Ufaransa katika Pasifiki, baada ya 1871. Wa namna hii Guyana walikuwa wachache mno, hata kama jina la kisiwa hicho kidogo limemeza sifa ya koloni zima.

Majalada ya watu binafsi yako Aix-en-Provence, kwenye nyaraka za taifa za ng'ambo, na faharasa ya majina iko mtandaoni. Jalada zuri lina hukumu, orodha ya hukumu za nyuma, alama za mwili, adhabu za kambini, na barua ambazo hazikufika kwa waliokusudiwa. Kinachokosekana ni ushahidi wa kesi. Kwa huo itakubidi uende kwenye nyaraka za mkoa alikohukumiwa. Jambo la kuangalia kabla ya kuanza: kati ya 1867 na 1887 Wazungu walipelekwa zaidi Kaledonia Mpya kwa sababu Guyana ilikuwa ikiwaua mno, na wafungwa wa makoloni, hasa Waarabu wa Algeria, wakaendelea kupelekwa Guyana. Sampuli ya miaka hiyo ikichanganywa na ya 1900 itakupa picha ya uhalifu wa Ufaransa ambayo haikuwahi kuwapo.

Andaman: karibu nasi kuliko zote

Machi 1858 meli Semiramis ilifikisha Port Blair wafungwa 200 wa kwanza, wengi wa uasi wa 1857 dhidi ya Waingereza. Kabla ya hapo Wahindi walikuwa wakipelekwa Bengkulu, Penang, Singapore, na pia Mauritius, ambako takriban 1,500 walijenga barabara. Charles Darwin aliwaona huko 1836 na akavutiwa nao. Kwa Mhindu, kuvuka "maji meusi" kulikuwa kupoteza tabaka, kwa hiyo adhabu ilianza kabla ya kushuka pwani.

Makosa ya Andaman hayafanani na ya Hobart. Mwizi wa shati hayupo. Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860 iliihifadhi adhabu hii kwa muuaji ambaye jaji hakutaka kumnyonga, kwa ujambazi wa kikundi, na kwa kupigana na serikali. Sher Ali, Mpathani aliyekuwa akitumikia kifungo cha mauaji huko, alimchoma kisu na kumuua Gavana Mkuu wa India, Lord Mayo, Februari 1872 alipozuru visiwa. Gereza maarufu la vyumba vya mtu mmoja mmoja lilijengwa 1896 hadi 1906, na V. D. Savarkar, mpinzani wa utawala wa Waingereza India, aliingizwa humo 1911 akiwa na vifungo viwili vya maisha, jumla miaka 50.

Kanuni hiyohiyo ya India ilitumika Kenya hadi 1930. Maana yake adhabu ya kuvushwa bahari ilikuwa imeandikwa katika sheria za huku kwetu, na anayesoma hukumu za mahakama za Mombasa za miaka ya 1900 ajue neno la Kiingereza "transportation" linatoka wapi kabla ya kulitafsiri kama "kufukuzwa nchini".

Ugumu wake: karatasi zimegawanyika kati ya New Delhi na London, na zimepangwa kwa idara na mwaka, si kwa jina la mfungwa. Utapata taarifa nyingi za vifo, chakula na nidhamu, na kurasa chache za mtu mmoja. Inamfaa anayeandika kuhusu serikali inavyofikiri.

Ukishachagua, fuata mpangilio huu

Kwa mfungwa wa Uingereza anza na tarehe na mahali pa hukumu, usianze na meli. Isome kesi na uandike pembeni vitu vyote na thamani zake, pamoja na kosa aliloshtakiwa nalo na kosa alilokutwa nalo. Kama ni wa London, tazama mradi wa Digital Panopticon, ambao umewaunganisha takriban watu 90,000 wa Old Bailey na kumbukumbu zao za baadaye; lakini viunganishi vyake vimefanywa na kompyuta, vihakiki. Kisha ndipo utafute jina kwenye HO 11. Likikosekana, usihitimishe kwamba limepotea: wengi waliohukumiwa kupelekwa hawakupelekwa kamwe, walimalizia miaka yao kwenye meli kuukuu za Thames au Portsmouth, walisamehewa, au walikufa wakingoja. Likipatikana, tazama kama kuna shajara ya daktari wa meli hiyo katika ADM 101, nyaraka za jeshi la wanamaji la Uingereza. Madaktari wa kusimamia wafungwa waliwekwa kwa kawaida kila meli tangu 1815. Kabla yao kulikuwa na makandarasi kama wale wa msafara wa pili wa 1790, waliolipwa pauni 17, shilingi 7 na peni 6 kwa kila kichwa kilichopakiwa, si kilichofika. Takriban robo ya wafungwa wao walikufa njiani, na kwa watu hao daftari lako litaishia kwenye tarehe ya kung'oa nanga.